Foleni ya Dawa

Nyumbani walimwita Sura Moja. Jina hilo alilitunga mumewe, fundi wa umeme mwenye maneno marefu kuliko nyaya zake, kwa sababu kila alipomwita mezani jibu lilikuwa lilelile: nimalizie sura moja tu, nakuja. Chai ikapoa, mboga zikapoa, na siku moja hata ugomvi wao wenyewe ulipoa wakati yeye anamalizia sura. Mama mkwe, aliyeishi nao, aliwaeleza majirani kwamba mkwewe hana neno, ni mtu mzuri, ila ana ule ugonjwa wake wa kuandika.

Mchana Sura Moja alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya meno. Aliandikisha watu wenye mashavu yaliyovimba, akawapangia zamu, akawaambia daktari hatakawia huku akijua fika kwamba atakawia. Kazi ile ilimfaa kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mtu anayeumwa jino hana muda wa kupamba maneno, husema jambo kama lilivyo, na Sura Moja alikuwa na masikio. Kuna bwana mmoja aliyekuja kung'olewa gego, akaondoka bila gego na bila kujua kwamba namna yake ya kushika kofia kwa mikono miwili ilibaki pale mapokezi. Mwaka uliofuata ilitokea kitabuni, amepewa baba mzazi wa bibi harusi.

Hicho kilikuwa kitabu cha kwanza, na wasomaji wake hawakukilalamikia. Cha pili ndicho kilichomtoa jasho. Kilihusu nyumba yenye mabinti watatu na baba mgonjwa, na alikiandika alfajiri kwenye meza ya jikoni, kabla watu hawajaamka kudai soksi na funguo zao. Alikifuta, akakiandika, akakifuta tena. Hatimaye akakipeleka kwa mhariri akiwa na hakika kwamba safari hii kazi imekwisha.

Mhariri alimpigia simu akiwa kazini, mgonjwa mmoja ameinama mbele yake anaugulia. Alisema hadithi ni safi. Kisha akasema ni safi mno, kama sebule iliyopangwa kwa ajili ya wageni, na yeye angependa kuonyeshwa chumba cha uani. Sura ya kifo cha baba, hasa, ilimwacha mkavu. Mabinti wote watatu wanalia vizuri, wanashikana mikono vizuri, na msomaji anafunga kitabu akaendelee na shughuli zake. Alimtaka aiandike upya sura hiyo kabla mwezi haujaisha. La sivyo kitabu kingesukumwa hadi mwaka mwingine, na mwaka mwingine ni ahadi ambayo mhariri hakupenda kuitoa.

Kuanzia siku hiyo Sura Moja hakukalika. Alitia chumvi mara mbili kwenye chungu kimoja. Aliwapa wagonjwa wawili zamu moja, wakagombana mashavu yakiwauma. Alimkaripia mumewe kwa kupumua, na mumewe, ambaye si mtu wa kukosa jibu, alimwomba radhi akasema ataacha.

Tegemeo lake lilikuwa Jumamosi asubuhi. Siku hiyo walikutana watu wanne katika gereji ya Mwalimu, mzee aliyestaafu kufundisha hesabu. Gereji ilikuwa na meza, viti, bomba na sinki ya kuoshea. Kitu pekee kilichokosekana ni gari. Mwalimu aliandika hadithi za kijasusi ambamo hata wahalifu hufika kwa wakati. Nesi, aliyefanya kazi wodi ya wanaume, aliandika za mapenzi, na humo hakuna aliyewahi kuugua hata mafua, kwa kuwa wagonjwa alikwisha kuwachoka. Wa nne alikuwa Rangi, mwandika mabango, mtu mpole mwenye madoa ya bluu kwenye kucha. Yeye aliandika kwa nadra, tena ukurasa mmoja mmoja, lakini hakuna aliyesikiliza kazi ya mwenzake kama yeye.

Watu hawa walikuwa wamebebana. Kitabu cha kwanza cha Sura Moja kilipokataliwa na mchapishaji wa kwanza, Nesi alimfuata nyumbani akiwa bado na sare za kazi, akamkuta kitandani mchana kweupe, akafagia chumba chote bila kumwambia pole hata moja. Kilipokubaliwa kwingine, Rangi aliandika bango la uzinduzi, herufi nyekundu zenye kivuli, na dada zake wawili wakaja kusimama mlangoni kuuza vitabu kama wauza vitunguu. Kila mmoja wao alijichukulia kimoja, wakataka vitiwe sahihi.

Gereji ile ilikuwa na desturi zake. Kwanza ni chai. Kisha mwenye zamu huweka kurasa zake kwenye kapu la mkate lililokaa katikati ya meza, naye huenda kwenye sinki kuosha vikombe, mgongo kwa wenzake, mdomo kimya, mpaka kazi yake isomwe yote. Walianza hivyo baada ya kugundua kwamba wakimtazama mwandishi usoni hulegeza maneno. Msomaji ni yule aliyefika mwisho, hiyo ndiyo adhabu yake, na huzisoma kurasa bila kuzitazama kwanza. Akimaliza, yeye ndiye wa kwanza kusema, wengine hungoja. Na kilichoingia kapuni hakitoki bila kusomwa. Sheria hii ya mwisho ilitungwa kwa ajili ya Sura Moja, ambaye zamani alikuwa na tabia ya kunyakua kurasa zake woga ukimpanda.

Sasa, wiki chache kabla ya simu ya mhariri, ilinyesha mvua ikawafungia Sura Moja na Rangi gerejini wenzao wakiwa wamekwisha ondoka. Wiki ile Rangi alikuwa ameandika bango la duka la dawa mbele ya hospitali, na herufi zikampinda, yeye ambaye mkono wake ulikuwa rula. Ikambidi afute aanze upya. Sura Moja alimtania kwamba uzee umeanzia vidoleni. Rangi hakucheka. Akamweleza.

Miaka mingi nyuma baba yake alilazwa katika hospitali ile ile. Dada zake walibaki kando ya kitanda, yeye akatumwa dawa, dawa ambayo hata daktari hakuwa anaitegemea sana. Dukani hakukuwa na mtu, akaipata mara moja. Akatoka, akautazama mlango wa hospitali, miguu ikakataa. Sauti ya baba ilikuwa imebadilika tangu asubuhi na hakuweza kuisikia tena. Akavuka barabara, akaingia kwa kinyozi, akakaa kitini. Aliporudi na dawa mkononi, baba alikuwa amekwisha kufariki. Dada zake walimpokea mlangoni wakilia, akawaambia foleni ya dawa ilikuwa ndefu. Basi kila mwaka, ndugu wakikutana kumkumbuka baba, dada mkubwa husimama akamshukuru mdogo wao aliyeteseka kwenye foleni peke yake siku ile. Naye huinamisha kichwa.

Sura Moja alimuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua.

"Nimekuambia wewe," alijibu Rangi. Mvua ikakatika, wakaenda zao.

Mhariri alipodai chumba cha uani, Sura Moja alijua upesi sana ni chumba cha nani. Tuseme ukweli: alipambana, lakini si kwa nguvu zake zote. Alijiambia atakibadilisha kisitambulike. Mwanamume akawa mwanamke, binti mdogo wa ile nyumba ya mabinti watatu. Kinyozi akawa duka la viatu, na binti akajaribu jozi baada ya jozi ya viatu asivyokusudia kununua, baba akakata roho yeye ana kiatu kimoja mguuni. Lakini foleni ya dawa, na zile shukrani za kila mwaka, hakuweza kuzibadilisha. Alijaribu kuzitoa, sura ikafa papo hapo. Akazirudisha, ikapumua. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuandika, na alijua hivyo, na furaha yake ilikuwa na uchungu kama jino lenye ganzi inayoanza kuisha.

Mtu huyu huyu aliwahi kumnunia Nesi mwezi mzima kwa sababu ugomvi wake na mumewe kuhusu sufuria iliyoungua ulitokea katika hadithi ya mapenzi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Zamu yake ilipokaribia, Rangi aliwaarifu wenzake kwamba Jumamosi hiyo hatakuwepo, ana ukuta wa shule wa kuandika. Sura Moja akaona mlango umefunguka. Angewasomea Mwalimu na Nesi kwanza, asikie kama sura inasimama, kisha amwendee Rangi amwombe ruhusa. Hakuna haja ya kumsumbua mtu kwa sura ambayo huenda ni mbovu. Ndivyo alivyojidanganya, na kwa kuwa kudanganya kwa ufundi ndiyo kazi yake, alijiamini.

Jumamosi ikaamka na mvua. Hakuna anayeandika ukuta kwenye mvua. Hilo kila mtu mwenye akili analijua, ila Sura Moja alilitambua pale tu alipokuwa ameshaweka kurasa kapuni na mlango wa gereji ukafunguliwa. Rangi aliingia maji yakimchuruzika, akaufunga mwavuli, akasema amekuwa wa mwisho, basi leo anasoma yeye.

Mkono wa Sura Moja ulikwenda kapuni wenyewe. Mwalimu alicheka, akalivuta kapu upande wake, akamkumbusha kwamba sheria hiyo ni yake. Sura Moja alisema kurasa hazijakaa sawa, kuna kosa moja la kurekebisha. Nesi naye akacheka, akasema tangu lini. Rangi alishachukua kurasa na kuvaa miwani.

Sura Moja akaenda kwenye sinki. Aliosha kikombe cha kwanza, nyuma yake sauti ya Rangi ikianza taratibu na kwa heshima, kama alivyosoma kazi za wote. Baba mgonjwa, kitanda, dirisha. Wenzake waliguna pale walipotakiwa kuguna. Binti mdogo akatumwa dawa. Sura Moja aliosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Binti akakuta duka tupu. Hapo sauti ya Rangi ilipungua mwendo, lakini ikaendelea. Duka la viatu. Kiatu kimoja mguuni. Kisha binti yuko mlangoni, anawatazama dada zake, anafungua kinywa, na Rangi akafika kwenye neno foleni, akanyamaza.

Kulikuwa na sauti ya bomba tu. Sura Moja alilifunga, na bila bomba ikawa mbaya zaidi. Alikuwa ameomba maneno mengi maishani mwake na wakati ule aliomba moja tu, kwamba Rangi amalize au azirushe zile kurasa, lolote, mradi asikae hivyo. Alijiona mwizi, tena mwizi wa aliyemkaribisha ndani.

Rangi akakohoa. Akasoma mpaka mwisho. Shukrani za dada mkubwa alizisoma bila kuruka hata moja.

Mwalimu na Nesi waligeuka kumtazama, maana ndiye wa kwanza kusema. Alizilinganisha kurasa, akazirudisha kapuni, akavua miwani.

"Viatu si kweli," alisema. "Mtu anayekimbia jambo kama hilo hataki kuchagua kitu. Anataka akae, afungwe shuka shingoni, aambiwe asitikisike. Angekwenda kwa kinyozi."

Mwalimu alipinga. Huyu ni mwanamke, alisema, kinyozi wa nini?

"Basi mfanyeni mwanamume," akasema Rangi.

Mwalimu alifungua kinywa kuendelea na hoja, Nesi akamwekea mkono juu ya mkono, akafunga. Baada ya hapo Nesi alisema, akitazama meza, kwamba wodini huwaona wengi wa namna hiyo. Hutoka kununua maji na hawarudi mpaka mambo yaishe, na hajawahi kumfikiria hata mmoja wao vibaya. Mwalimu, ambaye hesabu zake huchelewa kidogo lakini hufika, akaanza kufuta miwani yake isiyokuwa na vumbi.

Rangi aliinuka, akaenda kwenye sinki, akachukua kitambaa na kuanza kukausha vikombe. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Ungeniuliza."

"Ungekataa, kaka."

"Ningekataa. Ndiyo maana ilikupasa uniulize."

Sura Moja alisema amekosa. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Rangi alikausha kikombe cha mwisho, akakiweka mahali pake.

"Dada zangu wanasoma vitabu vyako," alisema. "Usimpelekee mhariri mpaka nikuambie."

Akachukua mwavuli wake akaondoka.

Jumatatu Sura Moja alimpigia mhariri kutoka kliniki, akamweleza kwamba sura anayo lakini si yake kuitoa. Mhariri alihema. Alisema anaelewa, na kwamba kitabu basi kitasubiri, na hakusema kitasubiri mpaka lini. Mwezi ukaisha. Sura Moja alikaa mapokezi, akawapangia watu zamu, na kwa mara ya kwanza tangu aijue kalamu hakumchukulia mtu yeyote kofia wala kikohozi. Alfajiri alikaa mezani bila kuandika. Mumewe alimkuta hapo siku moja, akavuta kiti, akaelezwa yote. Alikaa kimya, jambo ambalo nyumba ile haikulizoea, halafu akamwekea maji ya chai.

Jumamosi zikapita, kiti cha Rangi kitupu. Sura Moja alitaka kuacha kwenda. Aliona ameibomoa nyumba iliyomhifadhi, na kwamba heshima ingekuwa atoke yeye ili mwenzake arudi. Nesi alipitia kliniki saa ya chakula, akajiinamia pale dirishani pa mapokezi kama mgonjwa.

"Umekosea," alimwambia. "Kesho njoo hivyohivyo, na kosa lako."

Alikwenda. Alikwenda na wiki iliyofuata, wakasoma majasusi wa Mwalimu, hakuna aliyekuwa na hamu nao, hata Mwalimu.

Kisha ikatokea Jumamosi aliyofika akamkuta Rangi ameshakaa, wa kwanza kuliko wote, hata kuliko mwenye gereji, ambaye ilibidi aitwe kutoka ndani akaingia na kandambili akilalamika kwamba leo yeye ndiye msomaji nyumbani kwake mwenyewe. Kapu lilikuwa tupu. Rangi alisema hakuleta kurasa, ameleta maneno tu, na kama si kinyume cha sheria angependa kuyasema kabla ya chai.

Jumapili iliyopita walikutana, yeye na dada zake, kumkumbuka baba. Dada mkubwa alisimama kama kawaida, akaanza kumshukuru mdogo wao kwa foleni ile. Rangi akamwomba akae. Akawaambia, mbele ya wake na waume na watoto, kwamba hakukuwa na foleni. Akawaambia alikokuwa. Hakuweza kuinua macho. Alingoja kufukuzwa.

"Dada mkubwa akaniambia walijua," alisema Rangi.

Nesi aliuliza waliambiwa na nani.

"Na mimi. Nilirudi nimenyolewa. Akasema, 'Ulisimama pale mlangoni na dawa mkononi, shingo nyeupe, vinywele bado viko kwenye kola. Mdogo wangu, foleni ya dawa hainyoi mtu.'"

 Sura Moja alihisi damu ikimpanda usoni, kwa maana yeye, msikilizaji mashuhuri, mkusanya kofia za watu, aliisikia hadithi ile yote, akaiandika, akaifuta, akaiandika, na hakukiona kile kichwa kilichonyolewa. Alikuwa amekificha kwa viatu.

"Nikamuuliza, basi miaka yote hii mnanishukuru nini?"  Sauti ya Rangi ilikuwa imara mpaka hapo, sasa ikatetereka, naye hakuificha. "Akasema, 'Ulikuwa huwezi kututazama. Baba ameshakwenda. Tuliogopa na wewe utaondoka.'"

 Rangi alijifuta uso kwa kiganja, madoa ya bluu na yote, akamgeukia Sura Moja.

"Weka kinyozi," alisema. "Wamesema uweke. Dada mkubwa anataka kujua kama atakuwemo na yeye."

Sura Moja aliitikia kwa kichwa. Akainuka, akaenda kwenye sinki, akafungua bomba na kuanza kuosha vikombe. Vilikuwa safi, chai ilikuwa haijamiminwa, na zamu haikuwa yake. Rangi akachukua kitambaa akasimama kando yake, akawa anapokea.